Msambazaji akikupangia bei ya kuuzia, fanya hivi

Siku msambazaji wangu aliponitumia ujumbe "Ukishusha bei tena, mzigo hupati," nusura nijibu "sawa bosi". Nashukuru sikujibu. Maneno hayo mawili yangeweza kuhesabiwa kuwa makubaliano ya kupanga bei.

Ujumbe kama huo usiufute. Piga picha ya skrini, tarehe ionekane. Akipiga simu, andika saa na maneno yake papo hapo. Baada ya wiki mbili hutayakumbuka yalivyokuwa.

Kisha pima: ni bei inayopendekezwa au ni amri? Pendekezo unaloweza kulikataa bila kuadhibiwa kwa kawaida halina tatizo. Kulazimishwa usiuze chini ya bei fulani ni jambo jingine. Umoja wa Ulaya unalihesabu kati ya makosa mazito ya ushindani. Marekani, tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Leegin ya 2007, iliyohusu jambo hilohilo, mahakama za shirikisho hupima kwanza madhara yake sokoni.

Na tafadhali, usiwapigie wauzaji wenzako ili msimamie bei moja. Huko ni kula njama, na nchi nyingi hulifanya kosa la jinai. Peleka ushahidi wako kwa wakili au mamlaka ya ushindani.