Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumchukulia Kigari Mtoto wa Chekechea Siku ya Matembezi

Kila sikukuu inapokaribia, wazazi wa Mwanza wanaopanga kuwapeleka watoto kwenye viwanja vya michezo vya kando ya ziwa huulizana swali lilelile: huyu wa miaka minne, aliyekwisha kuacha kubebwa, achukuliwe kigari cha kumsukumia au atembee? Wengi hulijibu kwa kuitazama miguu ya mtoto. Wakiona anakimbia uani kutwa nzima, husema kigari hakihitajiki. Wakikumbuka alivyolia mara ya mwisho akitaka kubebwa, hukimbilia kuazima kwa jirani. Lakini miguu si jambo la kutazamwa kwanza. La kwanza ni usingizi: mtoto huyu atalala saa ngapi, atalala wapi, na nani atambeba akiwa amelala. Mzazi aliyekwisha kuyajibu maswali hayo kabla ya kutoka nyumbani hatahangaika tena na suala la kigari.

Msidanganywe na kwamba nyumbani ameshaacha kulala mchana. Mtoto aliyeamshwa alfajiri kwa ajili ya kuvalishwa nguo mpya, akapita kwenye kelele, jua na msongamano wa watu tangu saa tatu asubuhi, atasinzia tu kati ya saa saba na saa tisa, hata kama ni mwenye nguvu kiasi gani. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano inasema kwamba mwenye miaka mitatu au minne anahitaji kulala saa 10 hadi 13 katika kila saa 24, usingizi wa mchana ukihesabiwa humo. Kwamba apate angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili wake kila siku. Na kwamba asifungwe kwenye kigari kwa zaidi ya saa moja mfululizo. Mzazi anayemfunga mtoto mkanda tangu getini hadi jioni ili asisumbue amemnyima kile alichomleta kukipata. Ikiwa kigari kitachukuliwa, kiwe cha kupumzikia na kulalia. Kutembea, mtoto atembee.

Angalieni uzito. Kwa vipimo vya shirika hilohilo, mtoto wa wastani hufikia kilo 16 hivi anapotimiza miaka minne, na hupita kilo 18 anapotimiza mitano, ilhali vigari vingi vimetengenezwa kwa ajili ya mtoto asiyezidi kilo 15. Vipo vinavyohimili hadi kilo 22, lakini si hivyo vyepesi vinavyopita nyumba hadi nyumba kwa kuazimwa. Someni kibandiko kilichobandikwa kwenye fremu. Kama kimebanduka, jaribuni kigari nyumbani mtoto akiwa amekaa, mkitazama kama magurudumu yanapanuka na kama kifungo cha kukunjia kinashika. Wala msitundike mkoba wa chakula kwenye mshikio, kwa kuwa mtoto akishuka ghafla kigari hupinduka kinyumenyume.

Kisha ifikirieni njia nzima, tangu mlangoni kwenu. Mji huu haukuitwa Jiji la Miamba bure. Anayeishi juu Mabatini, Igogo au Isamilo hushuka kwa ngazi na vijia vya mawe kabla hajaifikia barabara, na huko kigari hakisukumwi, hubebwa. Kwenye daladala ya siku ya kawaida kigari lazima kikunjwe, na kwenye daladala ya sikukuu kondakta ana haki ya kulalamika, kwa sababu nafasi kinayokalia ni ya abiria. Bajaji huwa na nafuu, mradi mkubaliane bei mkiwa mmeshamwonyesha dereva mzigo wote. Kwenye bodaboda, sahauni kabisa. Mkifika ufukweni, magurudumu madogo huzama kwenye mchanga na kigari hugeuka kuwa jembe. Kipimo changu ni kimoja: mtu mmoja aweze kukinyanyua kigari kilichokunjwa kwa mkono wa kulia huku mtoto amemshika upande wa kushoto, kisha apande ngazi kumi bila kusimama. Akishindwa, kigari kibaki nyumbani.

Natilia mkazo jambo hilo kwa sababu ushauri mwingi unaosambazwa kwenye simu umeandikwa na wazazi wa mbali wanaokwenda kwenye bustani kubwa za michezo, kama Walt Disney World ya Florida, ambako njia ni pana na zimesakafiwa, familia hutembea kilomita nyingi kwa siku moja, na vigari vya kukodi vinapatikana humohumo. Wao kusema kwamba hata mtoto wa miaka mitano au sita apelekwe na kigari ni sawa kwa huko. Na hata huko wameweka mipaka: tangu Mei 2019 kigari kisizidi upana wa sentimita 79 na urefu wa sentimita 132. Huku kwetu kiwanja chenyewe kwa kawaida ni kidogo, na taabu iko kwenye njia ya kwenda na kurudi.

Wanaokwenda Saanane nawaambia wasichukue kigari. Kisiwa hicho kilianza kuwa bustani ya wanyama mwaka 1964, kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na ukubwa wake, maji yakiwamo, ni kilomita za mraba 2.18 tu. Udogo huo huwafanya wazazi wadhani ni mahali pa kusukuma kigari polepole huku mkitazama pimbi na swala. Sivyo. Ni miamba, mizizi na njia zinazopanda na kushuka, na kuanzia Capri Point mnavuka kwa boti. Mtoto wa miaka minne aliyelala vizuri usiku huimudu safari hiyo kwa miguu yake mkienda asubuhi na kupumzika mara kwa mara.

Ikiwa kwa sababu yoyote mnavuka maji mkiwa na kigari, iwe Saanane au kwenye kivuko chochote, mtoto atolewe humo kabla ya kukanyaga gati, kigari kikunjwe, naye apakatwe akiwa amevaa jaketi okozi la saizi yake. La mtu mzima humchomoka. Kamwe asiachwe amefungwa mkanda kwenye kigari ndani ya chombo cha majini, hata kama amelala fofofo na mnaona huruma kumwamsha, kwa sababu likitokea la kutokea, fremu ile ya chuma itamvuta chini na hakuna atakayepata muda wa kufungua vifungo. Sisi wa ukanda huu tuliopitia misiba ya kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 hatuna sababu ya kulichukulia jambo hili kwa wepesi.

Wapo watoto wanaokihitaji kigari kweli, na wazazi wao wasione haya wala wasikubali kuambiwa wanamdekeza mtoto. Mwenye selimundu ni wa kwanza. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu za nchi hii zenye watoto wengi wenye ugonjwa huo, na uchovu, kiu na joto kali vyaweza kumwamshia maumivu makali ya viungo. Mwingine ni mwenye pumu isiyotulia, mwenye mtindio wa ubongo, aliyetoka kuugua malaria wiki hiyohiyo, au ambaye mama yake ni mjamzito na hakuna mtu mzima mwingine wa kusaidia kumbeba. Kwa hao, kama kiwanja hakifikiki kwa kigari, chagueni kiwanja kingine.

Linalofuata ndilo lililonifanya niandike haya yote. Siku ya Idd Pili wifi yangu aliwapeleka watoto wake wawili kwenye kiwanja kimoja cha michezo kando ya ziwa, mimi na mama mkwe tukafuatana naye. Mkubwa alikuwa darasa la pili na mdogo alikuwa na miaka minne. Kigari kilikuwa kizuri, sakafu ya kiwanja ilikuwa ya saruji, na asubuhi yote ilikwenda vyema: mdogo alicheza, akachoka, akakaa, akacheza tena. Ilipofika saa saba akalala. Jua lilikuwa la utosi, na kivuli cha kigari kilimfunika uso tu, miguu ikabaki nje. Wifi akafanya jambo ambalo kina mama wengi hulifanya: alitwaa kitenge, akakitandaza kuanzia juu ya kivuli cha kigari hadi miguuni, akakipachika pembeni ili upepo usikipeperushe, kisha akakisimamisha kigari ukutani, karibu kabisa na foleni ya merigoraundi alikokuwa amesimama na yule mkubwa.

Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma, na sote tuliona hali ya hewa ni ya kupendeza. Kilichotudanganya ni upepo huohuo, kwa sababu ulitupiga sisi usoni, lakini ulipofika kwenye kitenge uligonga ukapita. Ndani hewa ilisimama. Juu kulikuwa na jua, chini saruji iliyokuwa inarudisha joto, na katikati mtoto aliyevaa suti ya Idd ya kitambaa kizito, soksi na viatu, mwili wake nao ukizidi kupata joto. Mama mkwe aliporudi kutoka kuswali Adhuhuri aliuliza mbona mtoto yuko kimya mno, akakiinua kitenge. Nywele zilikuwa zimelowa, mashavu yamewaka moto, shingo imelegea. Aliitwa jina lake, akafumbua macho, akayafumba tena.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alimtoa akampeleka chini ya mwembe, akamvua kila kitu, akamwaga maji yetu ya kunywa kwenye kanga na kumfuta shingoni, kwapani na mapajani, huku akituamuru tumpepee kwa boksi. Alipoanza kulia tulimshukuru Mungu, maana kilio kile kilikuwa dalili ya kurejewa na fahamu. Akapewa maji kidogokidogo, tukachukua bajaji hadi kituo cha afya, wakamwangalia hadi alasiri ndipo tukaruhusiwa. Alipona. Nasema wazi kwamba wifi hakuwa mzembe: hatua chache tu zilimtenga na mwanawe, na alimfunika kwa sababu ya mapenzi.

Kwa hiyo kigari kisifunikwe, si kwa kitenge, si kwa kanga nyepesi, si kwa shuka la mtoto. Joto la ndani hupanda hata pale mnapoona kitambaa ni chembamba, na mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima. Anayetaka kivuli akihamishe kigari kivulini na aendelee kukihamisha kadiri kivuli kinavyosogea. Akilazimika kutumia kitambaa, akifunge upande wa jua peke yake, mbele na upande wa pili pabaki wazi, na kila baada ya dakika chache atie mkono kifuani mwa mtoto ndani ya nguo. Mbeleko nayo haisalimiki juani, kwa kuwa miili miwili inapeana joto. Mtoto avuliwe koti kabla ya kubebwa. Mkimwona amelegea, haitikii, anatapika au anashikwa na degedege, anzeni kumpoza papo hapo na aelekezwe hospitali bila kusubiri kuona kama atapata nafuu.

Kwa mtoto mzima wa afya mwenye miaka mitatu na nusu na kuendelea, mimi nachukua mkeka na kitenge kipana, kigari nakiacha. Mkeka unatandikwa chini ya mti, mtoto analazwa chali akiwa na fulana tu, mtu mzima mmoja anakaa kando yake, na watu wazima wanapokezana ili kila mmoja apate kutembea. Kitenge ni cha kumbebea kutoka mtini hadi kwenye gari. Kilo 16 zinabebeka mgongoni kwa mwendo wa dakika kumi, mradi zamu zimepangwa, na akina baba nao wamo kwenye zamu hizo. Pasipo na mti wala banda kiwanjani, ondokeni saa sita, mtoto akalale nyumbani.

Yaliyobaki mnayajua, ila yatekelezeni. Maji ya kunywa yawe mengi kuliko mnavyodhani yatatosha. Namba ya simu iandikwe mkononi mwa mtoto kwa kalamu isiyofutika, maana kwenye umati wa sikukuu mtoto anayetembea hupotea kwa kufumba na kufumbua, na anayelala kwenye kigari anaweza kusukumwa na mtu asiye wenu. Wala breki siyo mlinzi. Asiachwe kuchezea maji yaliyotuama kwenye matete, kwa sababu ya kichocho, na pasipojulikana usalama wake asikaribie ukingo, kwa sababu ya mamba. Wakati wa mvua za vuli na masika tazameni mawingu ya upande wa ziwa kabla ya kutoka, kwani dhoruba huku hufika ghafla. Rudini kabla ya magharibi, daladala zikiwa bado zina nafasi, na kabla ya kuondoka kiwanjani hesabuni watoto, si mizigo.