Kopo la sarafu za bibi: namna ya kuziingiza kwenye mkusanyo bila kuziharibu

Wiki mbili zilizopita binamu yangu kanipigia toka Tanga, kopo la biskuti la marehemu bibi limeonekana darini, ndani sarafu tupu, 41 kwa hesabu yetu, nyingine nyeusi kama mkaa nyingine zimeota kijani. Swali lake la kwanza: "Kaka, hizi nizisugue na nini?" Nikamwambia hebu weka hiyo ndimu mezani, usiguse kitu, Jumamosi nakuja. Tulikaa nazo siku mbili. Naandika tulichofanya maana najua kuna wengine wana kopo kama hilo ndani na ndimu iko karibu.

Vifaa: mizani ndogo ya kidijitali kama za masonara, inayosoma mpaka 0.01 ya gramu (inayoishia 0.1 usinunue, itakuchosha bure), kikombe cha plastiki, uzi wa nailoni wa kuvulia ule mwembamba kabisa, sumaku, lenzi ya kukuzia, simu yenye kamera na kaunta buku. Basi. Ile asidi ya masonara ya kupimia fedha achana nayo kabisa, inaacha kovu kwenye sarafu na kovu halifutiki.

Hatua ya 1: Zitenganishe

Shaba huku, fedha huku, zenye unga wa kijani mbali na zote. Usiloweke shaba na fedha chombo kimoja hata kidogo. Tuendelee.

Hatua ya 2: Ijue ni ipi

Kopo la pwani halina mambo mengi sana, ukishaona matatu manne umeshajua mtiririko.

Ile kubwa nzito yenye mama mnene mwenye mtandio ndo reale, ya Maria Theresa wa Austria. Imeandikwa 1780 na watu wanapagawa wakiona huo mwaka, jamani tulieni. Huyo mama alifariki mwaka huohuo wa 1780 na sarafu ikaendelea kupigwa na mwaka uleule kwa zaidi ya miaka mia moja, Vienna, na baadaye hata London, Roma na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu mpaka huku kwetu walikuwa hawaitaki yenye mwaka mwingine. Kwa hiyo karibu zote utakazoshika ni za karne ya 19 au 20. Geuza uangalie ukingo, lazima kuwe na maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yanayosomeka. Ukingo ukiwa mtupu, au una vijistari tu kama shilingi, weka pembeni kwanza.

Za shaba za ukubwa wa kati ndo zinachanganya. Yenye mizani upande mmoja na Kiarabu upande wa pili ni pesa ya Sayyid Barghash wa Zanzibar. Ila ile ya Mombasa ya 1888 ya kampuni ya Waingereza nayo ina mizani, tofauti ni kwamba hiyo ina Kiingereza. Yenye tai na maneno Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft ni pesa ya kampuni ya Wajerumani, 1890 mpaka 1892, nyuma Kiarabu. Yenye sura ya Malkia Victoria ni robo anna ya India, yaani pesa moja, hizi zilizagaa pwani yote maana tulikuwa tunatumia rupia ya India na pesa 64 zilikuwa rupia moja. Kwenye kopo la bibi ilikuwemo pia moja imeandikwa FESSUL BIN TURKEE, binamu akadhani mtengenezaji kakosea herufi, kumbe ndivyo walivyoandika jina la Sultani Faisal wa Muscat na Oman.

Mwaka wa Kiarabu: tarakimu zinasomwa kushoto kwenda kulia kama zetu, hata kama maandishi yanakwenda kinyume. Ukipata mwaka wa Hijria zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622. Pesa ya Barghash ina 1299, hiyo ni kama 1882, au 1304 ambayo inaangukia 1887. Ile ya Wajerumani yenye 1307 inakuja 1890 na upande wa pili unakuthibitishia. Mi nilikuwa nasoma ٢ na ٣ kama kitu kimoja kwa mwezi mzima, tumia lenzi.

Kuanzia 1904 Mjerumani akagawa rupia kuwa heller 100, ndo hela hiyohiyo tunayodaiana mpaka leo. Ukikutana na heller 20 ya 1916 iliyochakaa vibaya, rangi ya shaba au ya njano, hata muhuri umekaa upande, usiitupe ukadhani feki. Ile ilipigwa Tabora wakati wa vita, meli za kuleta sarafu zilikuwa haziingii tena, na ina herufi T. Ubaya wake ndo uhalali wake.

Hatua ya 3: Pima, kwanza kavu halafu ndani ya maji

Hapa ndo nilipopotezea usiku mzima miaka ile naanza, kwa hiyo nivumilieni.

Uzito mkavu ni rahisi. Reale inatakiwa gramu 28.07, rupia ya India au ya Mjerumani 11.66, nusu rupia 5.83, robo 2.92. Iliyotumika sana itapungua kidogo, sawa. Inayozidi uzito ndo ya kuitilia shaka, maana kutumika hakuongezi kitu.

Tatizo feki nyingi siku hizi zinatengenezwa na mtu mwenye mizani kama wewe, kwa hiyo uzito peke yake hautoshi. Ndo tunaingia kwenye maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, bonyeza isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi, ishushe izame yote lakini ining'inie, isiguse chini wala pembeni. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Chukua uzito mkavu gawanya kwa namba hiyo. Fedha tupu inatoa 10.5, shaba karibu 8.9. Reale ina fedha sehemu 833 kwa elfu, kwa hiyo inatoa karibu 10.2, maana yake kwenye maji mizani isome kama 2.75. Rupia ina 917 kwa elfu, inatoa 10.3, mizani isome kama 1.13.

Rahisi eeh? Usiku wangu wa kwanza reale moja hiyohiyo ilinipa 9.1, nikarudia ikanipa 9.8, mara ya tatu 10.6 yaani imekuwa na fedha kuliko fedha yenyewe. Nikalala nimekasirika nikiamini nimeuziwa bati. Makosa yalikuwa haya, moja moja:

Uzi. Nilitumia uzi wa cherehani wa pamba, unakunywa maji na una unene wake. Nailoni ya kuvulia, fundo moja dogo, mkia ukate.

Mapovu. Hili ndo shetani mwenyewe. Sarafu ikizama inashuka na vipovu vidogo vimeng'ang'ania chini ya ukingo na katikati ya herufi, kila povu linasukuma maji, mizani inasoma zaidi, hesabu inashuka na fedha halali inaonekana feki. Chemsha maji uyaache yapoe kabisa, tia tone moja la sabuni ya vyombo, sarafu ichovye kwanza kwenye kikombe kingine uizungushe, ndipo uilete kwenye mizani. Ikiwa chini ya maji iangalie kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, povu linang'aa utaliona.

Kugusa chini. Ikigusa hata kidogo mizani inabeba na uzito wa sarafu yenyewe, namba inaruka. Ikichomoza juu ya maji ndo kinyume, namba inakuwa ndogo na unapata ile 10.6 yangu ya maajabu.

Mkono. Mkono wa mtu unatetemeka, hata wa daktari. Chukua makopo mawili marefu weka huku na huku ya mizani, kijiti cha mshikaki juu yake, uzi ufunge kwenye kijiti. Binamu alicheka alipoona hicho kidaraja, baada ya sarafu ya tano akawa hataki nikiguse.

Feni. Zima. Najua Tanga ni joto. Zima na ufunge dirisha, maana mizani hizi zinasikia hadi pumzi. Na nyingi zinajizima zenyewe ukichelewa, ukiwasha tena sifuri yako imepotea unaanza upya, kwa hiyo kila kitu kiwe tayari kabla hujabonyeza.

Pima mara tatu. Zikikaribiana chukua ya katikati, zikitofautiana sana bado una povu mahali.

Pia ujue mahali kipimo hiki hakifai. Sarafu yenye tundu haina shida, uzito wake utakuwa pungufu ila mgawanyo unabaki uleule, ni vipovu tu kwenye tundu. Lakini reale iliyochomelewa kipete ili ivaliwe shingoni, na mabibi zetu walivaa sana, hiyo lehemu inaharibu hesabu. Robo rupia nayo ni ndogo mno, mizani ikikosea 0.01 unaruka toka 10.4 hadi 10.8, labda uwe nazo nne tano za aina moja uzipime kwa pamoja. Na shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba usihangaike kuizamisha: ina fedha robo tu, tofauti yake na ile isiyo na fedha ni kama 0.03 kwenye mizani, povu moja tu linaimeza. Soma mwaka. Mpaka 1946 ina fedha, kuanzia 1948 haina, umemaliza.

Sumaku inagusa sekunde moja, fedha na shaba hazivutwi. Isiyovutwa haimaanishi ni halali lakini, shaba nyeupe na shaba ya njano nazo hazivutwi.

Hatua ya 4: Usafi, yaani kutosafisha

Nilisugua pesa ya Barghash kwa ndimu na majivu. Ilikuwa na rangi ya kahawa nzito, nzuri, dakika mbili ikawa ya waridi kama fizi za mtoto, na mizani yake ikafutika nusu. Ninayo bado. Dawa ya meno, magadi, siki, Coca-Cola, vyote familia moja. Ule weusi kwenye fedha na kahawia kwenye shaba ndo ngozi ya sarafu, mkusanyaji akiona imeng'arishwa bei inashuka hapohapo.

Unachoruhusiwa ni kutoa uchafu wa juu. Loweka kwenye maji ya betri, yale safi ya kuongezea, NISIKILIZE VIZURI siyo asidi ya betri, dukani zinakaa rafu moja na wengine wanaziita jina moja, soma chupa mara mbili. Siku moja au mbili, kausha kwa kugandamiza kitambaa laini, usifute. Mafuta ya zamani na gundi ya karatasi vinatoka kwa asetoni halisi, nje penye hewa na mbali na jiko. Uchafu uliobaki pembeni ya herufi mi natoa kwa mwiba wa mdimu, ni mgumu kuliko uchafu na laini kuliko shaba, ndo kazi pekee ya mdimu kwenye shughuli hii.

Kijani kigumu kilichotulia kiache. Kijani cha unga unga kinachorudi baada ya kufutwa ni ugonjwa, chumvi imeshaingia ndani, na pwani ndo kwao. Hiyo itenge, loweka maji ya betri ukibadilisha kila siku kwa wiki kadhaa, ikauke kabisa, uichunguze mwezi mzima kabla hujairudisha kwa wenzake.

Hatua ya 5: Andika, hifadhi

Kila sarafu namba, uzito, namba ya maji, mwaka, imetoka kwa nani. Picha pande mbili na ukingo, dirishani asubuhi, bila flashi. Mi naandika kaunta buku, Excel yangu ilikufa na laptop mwaka juzi na buku bado lipo. Aina na vipimo nalinganisha na Numista, tovuti ya orodha ya sarafu, bure na inatosha.

Bahasha za karatasi au vile vikadi vyenye kidirisha. Vifuko vya plastiki laini vinavyonuka kama pazia jipya la bafuni hapana, vinatoa utelezi wa kijani. Rababendi hapana, ina salfa inaweusisha fedha. Vile vipakti vya kwenye maboksi ya viatu vya kunyonya unyevu ndo vya kuweka humo.

Ukitaka kuongeza nyingine

Nenda na mizani mfukoni, muuzaji anayekataa usipime keshakujibu. Sarafu zilizochimbwa Kilwa au Songo Mnara usinunue, kuchimba magofu bila kibali cha Mambo ya Kale ni kosa, na sarafu ikishang'olewa pale hakuna atakayejua tena ilikuwa imelala na nini.

Kwenye kopo la bibi reale zilikuwa tatu. Mbili zilitoa 10.2 na 10.1. Ya tatu ilikuwa na gramu 26.90, kwenye maji ikasoma 3.16, gawanya upate 8.5, nikarudia mara nne na feni imezimwa jasho linatutoka. Ukingo wake mtupu. Binamu akanyamaza kidogo, akasema basi bibi naye alipigwa. Tumeiandika namba 17, "feki, ya bibi", na iko kwenye kadi yake kama nyingine.