Damu ya Matende Huchukuliwa Usiku: Namna Ninavyoifanya Kazi Hii

Baba yangu mdogo wa Mbagala alipimwa minyoo ya matende mara mbili, zote saa tatu asubuhi, na mara zote akaambiwa damu yake ni safi. Busha lilikuwa limeshaanza kumsumbua. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeingia kazi ya maabara. Nikamwomba ruhusa, nikamtoboa kidole barazani kwake saa tano usiku. Kwenye slaidi ile, kile kioo chembamba cha kupimia, nilihesabu mikrofilaria 31, yaani watoto wa minyoo hiyo.

Tangu hapo, mtu akiniletea majibu ya matende namuuliza kwanza damu ilitolewa saa ngapi.

Minyoo wazazi, Wuchereria bancrofti, hukaa kwenye mishipa ya limfu miaka mitano hadi minane, wakizaa muda wote. Watoto wao ndio mikrofilaria, na hao ndio wanaoingia kwenye damu. Mchana hujikusanya kwenye mishipa midogo ya mapafu, na kidoleni hubaki wachache sana au hakuna kabisa. Giza likiingia wanaanza kutoka. Kati ya saa nne usiku na saa nane usiku wanakuwa wengi kuliko wakati wowote, kisha alfajiri wanapungua. Saa hizohizo ndizo anazouma kuleksi, yule mbu wa makaro, mitaro na vyoo vya shimo ambaye Dar tunamjua sote.

Kwa hiyo kazi ni ya usiku, na kazi ya usiku mtaani huanza mchana. Pita kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa mjumbe wa shina, na umwombe mama mmoja anayeheshimika mtaani aongozane nanyi. Usilipuuze hili. Mtu mgeni anayegonga mlango saa nne usiku akitaka damu, hapa pwani ataitwa mumiani, na mkishaitwa hivyo mtaa mzima umefungwa. Mzee mmoja wa Tandika aliniitikia "marahaba" huku mkono ukiwa bado kwenye komeo. "Mbona usiku, mwanangu?" Nikamwambia: "Mdudu mwenyewe hutembea usiku, mzee. Mchana tungekutoboa bure." Akafungua, akawaita na wanawe.

Toboa kidole cha pete, cha mkono asioutumia sana. Futa tone la kwanza kwa pamba kavu. Vuta damu kwa kapilari, ule mrija mwembamba, yenye alama ya mikrolita 20, mara tatu, uchore mistari mitatu kwenye slaidi moja. Hiyo ni mikrolita 60. Kwenye ncha ya slaidi andika kwa penseli namba ya mtu na saa uliyomtoboa. Siyo "usiku" tu. Andika saa na dakika.

Slaidi ilale tambarare ndani ya sanduku lenye wavu mpaka asubuhi. Mende na sisimizi hula damu. Nimewahi kuamka nikakuta mistari imelambwa, slaidi inang'aa kama mpya, na watu tuliowaamsha usiku ikabidi tuwarudie. Damu ikishakauka, mwagia maji safi mpaka wekundu utoke, iache ikauke tena, ndipo uitie methanoli, kisha rangi ya Giemsa. Ukitanguliza methanoli, wekundu unaganda na hutaona kitu. Lenzi ya hadubini inayokuza mara 10 inatosha kuhesabu. Idadi utakayoipata zidisha kwa 17, utapata makadirio ya mililita moja ya damu.

Sasa kuna watu ambao saa nne usiku si saa yao. Mlinzi wa ghala Kariakoo aliyekesha miezi mingi na kulala mchana, minyoo yake nayo imegeuza saa. Hili linajulikana tangu miaka ya 1880, daktari Stephen Mackenzie alipombadilishia mgonjwa wake huko London saa za kulala, na mikrofilaria wakahamia mchana. Kwa hiyo kabla ya kutoboa uliza: "Wiki hizi unalala saa ngapi?" Anayelala mchana kila siku mfuate katikati ya usingizi wake, hata kama ni saa sita mchana. Anayebadilisha zamu kila baada ya siku chache mpe kipimo cha haraka. Chenyewe hutafuta alama za minyoo wazazi, nao hawana mchana wala usiku.

Lakini kipimo hicho usikitumie kujua kama kingatiba, yaani dawa za matende zinazogawiwa kwa watu wote, imefanya kazi mwezi uliopita. Ivermektini na albendazoli hufagia mikrofilaria haraka, ila wazazi wengi hubaki hai, na kipimo hicho kinaweza kuendelea kuonyesha kuwa wapo kwa muda mrefu. Baada ya miezi kadhaa wanazaa tena na idadi kwenye damu inapanda polepole. Ndiyo maana dawa hugawiwa kila mwaka, kwa miaka isiyopungua mitano. Unapotaka kuona mabadiliko hayo, mrudie mtu yuleyule, saa ileile, kwa mikrolita zilezile. Ukimpima leo saa nane usiku na safari ijayo saa mbili usiku, idadi itashuka hata kama hajameza kidonge, nawe utaandika kwamba dawa imemsaidia.

Baba mdogo nimeendelea kumpima saa tano usiku, barazani palepale. Miezi mitatu baada ya dozi ya kwanza niliona 2. Mwaka ulipotimia, kabla hajameza dozi ya pili, walikuwa 9. Busha lenyewe dawa haikuliondoa, alifanyiwa upasuaji, na siku aliyotoka wodini aliniuliza kama usiku ule nitakwenda kumtoboa.