Kutambua virai na vishazi katika sentensi za Kiingereza

Chukua neno moja la Kiswahili: "Amefika." Hicho tayari ni kishazi kizima. Kiima, yaani anayezungumziwa, kimo (a-), njeo, yaani wakati, imo (-me-), mzizi wa kitenzi umo. Kiingereza kinadai maneno matatu kusema jambo hilohilo, "He has arrived", na kila neno lina mzigo wake. Ndiyo maana mwanafunzi anayechambua vishazi vya Kiswahili bila shida hukwama akipewa sentensi ya Kiingereza: anatafuta ndani ya kitenzi mambo ambayo Kiingereza kimeyatoa nje.

Kishazi ni kundi la maneno lenye kiima na kitenzi chenye njeo, yaani kitenzi kinachobeba wakati. Kirai ni kundi lililojengwa kuzunguka neno kuu moja, bila jozi hiyo ya kiima na kitenzi. "Under the table" ni kirai. "Because the gate was locked" ni kishazi. Urefu hausemi kitu: "the tall girl in the blue uniform near the back of the class" ina maneno 13 na ni kirai tu, ilhali "Birds fly" ina maneno mawili na ni kishazi kinachojitegemea.

Anza na kitenzi, si na kiunganishi

Wengi hufundishwa kutafuta kwanza maneno kama "because", "when" na "that". Njia hiyo inadanganya, kwa sababu maneno hayo mara nyingine huachwa, na mengine yana kazi mbili. Kitenzi chenye njeo hakiachwi kirahisi hivyo. Kitafute kwa kuhamisha wakati wa sentensi nzima: kama iko wakati uliopo, ipeleke uliopita, kama iko uliopita, irudishe uliopo. Kitenzi kinachobadilika umbo ndicho chenye njeo.

Tazama hii: "The woman selling mangoes at the bus stop knows my father." Ipeleke wakati uliopita: "The woman selling mangoes at the bus stop knew my father." "Knows" imekuwa "knew". "Selling" haikutikisika. Kwa hiyo sentensi ina kitenzi kimoja chenye njeo, na kishazi kimoja. "Selling mangoes at the bus stop" ni kirai kinachomweleza mwanamke, ingawa kwa Kiswahili tungesema "anayeuza maembe", ambacho ni kishazi.

Kipimo hiki kina mianya michache ya kuijua. Vitenzi vikiandamana, kama "has been waiting", ni cha kwanza tu kinachobadilika ("had been waiting"), kwa hiyo kundi lote huhesabiwa mara moja. "Can" huwa "could" na "will" huwa "would", lakini "must" haina umbo la wakati uliopita. Ihesabu kuwa na njeo daima. "Put", "cut" na "hit" nazo hazibadiliki kwa macho. Weka kiima "she" katika wakati uliopo uone kama "-s" inakubali: "she puts". Mwisho, sentensi ya amri kama "Close the door" ni kishazi, kiima chake "you" kikiwa kimefichika.

Ukishapata vitenzi vyenye njeo, vihesabu. Idadi hiyo ndiyo idadi ya vishazi. "She opened the door and walked in" ina viwili, kiima cha pili kikiwa kimeachwa kwa kuwa ni kilekile.

Kisha kiulizie kila kitenzi kiima chake: nani, au nini? Hapa ndipo Kiswahili kinapotuponza kwa njia mbili zinazopingana. Ya kwanza ni kuacha kiima, kwa kuwa "inanyesha" haihitaji neno jingine: mtu anaandika "Is raining" badala ya "It is raining". Hiyo "it" haimaanishi chochote, lakini nafasi ya kiima lazima ijazwe. Ya pili ni kukitaja mara mbili. "Kaka yangu anaishi Mombasa" ina "kaka" na ina "a-", basi mtu anaandika "My brother he lives in Mombasa". Kitenzi kimoja, kiima kimoja: ondoa "he".

Umbo la "-ed" ndilo lenye mtego mkubwa

Maumbo ya "-ing" na "to" ni mepesi. Yakisimama bila kitenzi kisaidizi chenye njeo mbele yake, si kiini cha kishazi: "walking home", "to buy bread" ni virai. (Vitabu vya sarufi vya chuo kikuu mara nyingi huviita vishazi visivyo na njeo. Shuleni huhesabiwa virai, na huo ndio utaratibu tunaoufuata hapa.)

Umbo la "-ed" ni jambo jingine, kwa sababu vitenzi vya kawaida vina sura moja kwa wakati uliopita na kwa kazi ya kivumishi. Soma: "The player invited to Nairobi missed the bus." Je, "invited" ni kitenzi chenye njeo? Badilisha kwa muda kitenzi ambacho sura zake mbili hutofautiana, mfano "took" na "taken". "The player taken to Nairobi missed the bus" inasimama. "The player took to Nairobi missed the bus" inaanguka. Basi "invited" hapa ni sawa na "taken": haina njeo, na "invited to Nairobi" ni kirai. Njia ya pili ni kuchomeka "who was" au "which was" mbele yake. Ikikaa vizuri bila kuharibu sentensi, hicho ni kirai.

Maneno ya kuunganisha, na yale yenye sura mbili

Sasa ndipo uangalie viunganishi. "And", "but", "or" na "so" huunganisha vishazi vyenye hadhi sawa. "Because", "although", "if", "when", "while", "unless", "who", "which", "that" na "whose" hufungua kishazi tegemezi, ambacho hakiwezi kusimama peke yake. "Because I was ill." ikifungwa kwa nukta ni kosa katika insha, kwa kuwa kishazi huru chake kimekosekana.

Uangalifu unahitajika kwa "before", "after", "since" na "until". Hufungua kirai au kishazi, kutegemea kinachofuata. "After the rain" ni kirai. "After the rain stopped" ni kishazi. Usisome neno lenyewe. Soma mpaka uone kama kuna kitenzi chenye njeo. Maneno mengine yana jozi: "because of", "despite" na "during" huchukua kirai, lakini "because", "although" na "while" huchukua kishazi. Kwa hiyo "despite he was ill" ni kosa. Sema "although he was ill" au "despite his illness".

Tafsiri ya moja kwa moja haisaidii hapa. Kiswahili husema "baada ya mvua kunyesha", kwa kitenzi-jina, mahali ambapo Kiingereza kinapenda kishazi: "after it had rained". Nasi husema "kabla hajafika", kwa kukanusha. Anayeandika "before he had not arrived" ameibeba hiyo "ha-" mpaka Kiingereza. Sahihi ni "before he arrived".

Kirejeshi nacho kinahitaji jicho la karibu. Katika "mtoto aliyeanguka" kirejeshi ni "-ye-", kimebanwa ndani ya kitenzi. Kiingereza hutumia neno la pekee, "the child who fell", na neno hilo huweza kuachwa likiwa ni yambwa tu, yaani kinachotendwa. "The book I bought" ni sawa, kwa sababu kinachonunuliwa ni kitabu na mnunuzi ni "I". Lakini "The man came yesterday is my uncle" si sahihi: "who" hapo ni kiima cha "came", na kiima hakiachwi. Kosa la tatu hutokana na "kitabu nilichokinunua", chenye "-cho-" na "-ki-" kwa pamoja: "the book that I bought it". Ondoa "it", maana "that" imeshaishika nafasi hiyo.

Ukikuta nomino mbili, au nomino na kiwakilishi, zikifuatana bila koma wala kiunganishi, kama "the book I" au "the house my father", shuku mara moja kwamba kuna kirejeshi kilichoachwa. Vivyo hivyo baada ya "say", "think", "know" na "believe", ambako "that" hupotea mara kwa mara.

Kukipa kishazi tegemezi jina lake

Usikipe jina kwa neno linalokifungua. "When" pekee hufanya kazi tatu:

"I don't know when he will come." Badala ya kishazi weka "it": "I don't know it." Inakubali, basi ni kishazi nomino.

"I remember the day when he came." Kinafuata nomino na kujibu "siku ipi?". Ni kishazi kivumishi.

"I will call you when he comes." Kinajibu "lini?", na kinaweza kuhamia mwanzo wa sentensi. Ni kishazi kielezi.

Tazama pia "will come" ya kwanza na "comes" ya tatu. Zote zinazungumzia wakati ujao, lakini kishazi kielezi cha wakati hakipendi "will". Hiyo ni dalili nzuri unapobabaika, na ni kinga dhidi ya kosa la "when he will come, I will call you".

"That" inahitaji kipimo chake. Linganisha "The news that he brought pleased us" na "The news that he had resigned pleased us". Weka "which" mahali pa "that". Ya kwanza inakubali, basi ni kishazi kivumishi. Ya pili inakataa, kwa sababu kishazi hicho hakisemi ni habari ipi bali ndicho habari yenyewe. Ni kishazi nomino.

Virai havina ugumu huo. Tafuta neno kuu: likiwa nomino ni kirai nomino ("a very old dhow"), likiwa kivumishi ni kirai kivumishi ("afraid of snakes"), likiwa kielezi ni kirai kielezi ("quite slowly"), kikianzwa na kihusishi ni kirai kihusishi ("in the kitchen"). Panapotatiza ni pale kirai kihusishi kinapoweza kushikamana na mahali pawili. "She bought the basket from Zanzibar": alikinunua Zanzibar, au ni kikapu cha Zanzibar? Weka "it". Ukipata "She bought it", kirai kimo ndani ya kirai nomino. Ukipata "She bought it from Zanzibar", kinaeleza kitenzi. Zote mbili ni sahihi, na muktadha ndio unaoamua.

Sentensi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho

"Although the boat in the harbour looked old, the fishermen who owned it believed it could reach Mafia before the wind changed."

Irudishe wakati uliopo: "looks", "own", "believe", "can", "changes". Vitano vimebadilika, "reach" imebaki ilivyo kwa kuwa imo katika kundi la "could". Kwa hiyo kuna vishazi vitano. Viima vyake kwa mpangilio: "the boat in the harbour", "who", "the fishermen who owned it", "it", "the wind".

"Although the boat in the harbour looked old" ni kishazi kielezi. "Who owned it" ni kivumishi, kinawaeleza wavuvi. "Before the wind changed" ni kielezi cha wakati. Kinachopotea machoni ni kishazi nomino: baada ya "believed" kuna "that" iliyoachwa, na kishazi huanza na "it could reach" hadi "changed". Kile kielezi cha mwisho kimo ndani yake, kama chungu ndani ya chungu. Kishazi huru nacho ni "the fishermen believed", pamoja na kile kishazi nomino kilicho yambwa yake. "In the harbour" ni kirai kihusishi.

Kwenye karatasi ya majibu, nukuu kishazi kizima kuanzia neno linalokifungua hadi neno la mwisho. Ukiacha "although" nje, ulichobakiza ni kishazi huru na jibu limeharibika. Kisha taja aina, halafu kazi, halafu neno kinalolihusu. Mfano: "who owned it", kishazi tegemezi kivumishi, kinaeleza nomino "fishermen". Kwa kishazi nomino, usiishie kwenye jina; sema kama ni kiima au yambwa, na ya kitenzi kipi: "it could reach Mafia before the wind changed", kishazi tegemezi nomino, yambwa ya "believed".