Kuchora ndege aliye hai: somo la mdiria

Wapendwa, wengi mmeniomba nieleze namna ninavyochora ndege asiyetulia. Nitamtumia mdiria mweusi na mweupe, ndege mla samaki, yule anayetua kwenye miti mirefu ya mitumbwi ya kuvulia sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, hapa Bukavu. Ndiye aliyenifundisha.

Chukua kaye, yaani daftari, isiyo na mistari, kalamu ya risasi laini, 2B yatosha, na ubao mdogo wa kuweka magotini. Kifutio kibaki nyumbani. Mwaka wangu wa kwanza nilifuta mpaka karatasi zikatoboka, sikubakiwa na mchoro hata mmoja wa kujifunzia.

Hatua ya 1. Dakika kumi usichore. Tazama tu. Mdiria ana mikao minne mitano, naye huirudia siku nzima.

Hatua ya 2. Vuta mstari mmoja kutoka kichwani hadi mkiani, uone amesimama wima au ameinama. Juu yake weka yai la mwili, kisha duara la kichwa.

Hatua ya 3. Akihama, acha. Anza mchoro mwingine kando, ukurasa ule ule. Akirudia mkao wa kwanza, rudi kwenye mchoro wa kwanza uendelee ulipoishia. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, nami nawasihi msikate. Ndege wanane wasiomalizika ni wa kweli kuliko mmoja uliyembuni nusu.

Hatua ya 4. Sasa anapiga mabawa pale pale juu ya maji. Hapo huwa nasahau hata baridi ya asubuhi. Mwili umesimama, mdomo unatazama chini, mabawa hayaonekani kwa kasi, lakini kichwa kimetulia kama kimepigiliwa msumari. Basi anza na kichwa. Mabawa yape mistari mitatu ya haraka. Akijitupa majini, chora ulichobaki nacho machoni kabla hujatazama kitu kingine.

Hatua ya 5. Alama ziandike kwa maneno. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike mmoja. Ukikaa Nguba, ufukweni mwa ziwa, asubuhi ukitazama upande wa Rwanda, jua liko usoni na ndege ni kivuli kitupu: chora umbo. Manyoya yangoje saa kumi, jua likiwa mgongoni. Na karibu na daraja la Ruzizi usikae na darubini. Pale ni mpaka wa Kongo na Rwanda.

MASWALI

Kutoka Kadutu: Mwalimu, sina jumeli (darubini), na ziwa ni mbali.
Mdogo wangu, mwewe wanazunguka juu ya soko lenu kutwa. Tazama mkia wenye panda, jinsi anavyoupindisha ili ageuke. Chora mkia tu wiki nzima.

Kutoka Bagira: Mwanangu anachora kwa kutazama picha za simu. Nimkataze?
Hapana, Mama. Ila aanze na ndege mwenyewe, picha aifungue akirudi nyumbani, kuhakikisha vidole au mdomo. Picha inampa mkao mmoja tu.

Kutoka Ibanda: Miguu yangu inatoka kama ya mtu. Kwa nini goti la ndege linakunjika kinyume?
Ndugu, lile si goti, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limefichwa ndani ya manyoya ya tumbo. Kesho mtazame kuku wa jirani akitembea, uchore kuanzia kile kifundo kushuka chini.