Kumpa msanii kazi ya historia ya kartie (mtaa): mwongozo kwa kamati za wakaaji wa Lubumbashi

Katika ukumbi mmoja wa Katuba, mojawapo ya komini (manispaa) za mji wetu, niliwahi kusimama karibu na mstaafu wa reli, mmoja wa wale ambao hapa kwetu huitwa watu wa njanja, akitazama mchoro mkubwa uliomalizika wiki hiyohiyo. Maandishi ya chini yalisema kwamba treni ilifika mjini mwaka 1910, na mwaka huo ni sahihi. Lakini kichwa cha treni kilichochorwa kilikuwa cha dizeli, kilichonakiliwa kutoka kwenye simu. Mzee aligusa gurudumu kwa ncha ya fimbo yake, kisha akamgeukia mchoraji kwa upole: "Mwanangu, mashine hii nimeiendesha mimi mwenyewe, na mwaka 1910 baba yangu alikuwa hajazaliwa." Mchoraji aliona haya, na sisi wanakamati tukaona haya zaidi, kwa sababu kosa halikuwa la brashi. Tulikuwa tumemwita baada ya mambo yote kuamuliwa, tukampa orodha ya picha 6 na tarehe ya ufunguzi, wala hakuna aliyemkutanisha na mtu hata mmoja aliyefanya kazi relini.

Maelezo yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya kamati, parokia, shule au chama cha wastaafu kinachotaka kumpa msanii kazi ya kutengeneza onyesho la historia pamoja na wakaaji wenyewe. Neno "pamoja" ndilo zito hapa. Maana yake ni kwamba msanii anaingia kabla mada haijafungwa, na wakaaji hawatoki hadi neno la mwisho chini ya picha liwe limesomwa na kukubaliwa.

Anzeni na swali, si na orodha

Kosa la kwanza ni kutaka kueleza historia ya mji mzima. Kampuni ya madini ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, mji ukafuata mwaka 1910, na katika miaka ya 1920 kampuni ikaanza kuwapa wafanyakazi nyumba za kukaa na wake zao badala ya kuwaajiri kwa miezi michache na kuwarudisha vijijini. Hayo yote yameandikwa mara nyingi, na kuta zenu hazitayaongezea kitu. Chagueni mahali padogo, kama vile avenyu moja, kambi moja au soko moja, kisha tafuteni swali ambalo jibu lake limo vichwani mwa watu wanaoishi hapo. "Posho ya chakula ilifikaje nyumbani, na nani aliigawa?" ni swali zuri, kwa kuwa litamfanya mjane wa mchimbaji aongee saa nzima. "Kwa nini nyumba moja ina shabiki wa Mazembe na shabiki wa Lupopo?" ni jingine: timu zote mbili za mpira zilizaliwa mwaka 1939, moja kwa wamisionari Wabenedikto na nyingine kwa watu wa reli, na ugomvi wa ndugu wawili mezani una historia ndani yake. Swali lisichaguliwe na katibu peke yake. Liletwe mbele ya watu likiwa na wenzake wawili au watatu, wachague.

Nani akae mezani

Kikundi cha watu kati ya 8 na 12 kinatosha, mradi wasiwe wote wazee wa kiume wenye medali za kazi. Wazee hao watakuja bila kuitwa. Kazi ni kuwapata wengine. Akina mama hawaji kwenye mkutano wa saa kumi jioni, kwa sababu wakati huo babula (majiko ya makaa) zinawashwa na maji ya bukari (ugali) yanatengwa. Waendeeni sokoni mapema au waitieni kikao chao wenyewe. Watafuteni pia wapangaji, vijana, na familia ambazo babu zao walitoka Kasai, Maniema, Rwanda au ng'ambo ya mpaka wa Zambia, maana mji huu ulijengwa na watu waliokuja. Shefu wa kartie na ofisi ya komini wapewe barua mapema, ili mikutano isidhaniwe kuwa ya siasa, lakini wasiombwe kuongoza kikundi: mbele ya mkubwa, mtu husema yale anayodhani mkubwa anapenda kuyasikia.

Kumtafuta msanii

Hatuna uhaba. Chuo cha sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1951, na hata kabla yake, mwaka 1946, karakana ya uchoraji iitwayo Hangar ilikwisha kutoa wachoraji kama Pilipili Mulongoy, Bela Sara na Mwenze Kibwanga. Tuna wapiga picha, wafua shaba, vikundi vya maigizo na waandikaji wa mabango ya maduka, ambao mara nyingi kamati huwasahau ilhali wanawajua watu wa kartie kuliko mtu yeyote. Wale wanaofanya sanaa ya siku hizi hupatikana kupitia kituo cha sanaa kiitwacho Picha, kinachoandaa maonyesho makubwa ya mji tangu mwaka 2008.

Tena jambo hili si geni kwetu. Katika miaka ya 1960 na 1970 watu wa kawaida wa mji huu walinunua picha za kuning'iniza sebuleni, zilizochorwa juu ya nguo za magunia ya unga, wakaziita ukumbusho: picha ya kumfanya mgeni aulize na mwenye nyumba asimulie. Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia ya nchi kwa picha karibu 100 kati ya mwaka 1973 na 1974, akaeleza kila moja kwa Kiswahili cha hapa. Mkimtafuta msanii, tafuteni mtu wa namna hiyo, anayejua kwamba picha haijakamilika mpaka imsimulishe mtu.

Msidai michoro ya bure kutoka kwa wasanii kumi ili mchague mmoja. Hayo ni kuwala watu jasho lao. Tazameni kazi zao za zamani, chagueni watatu, kisha mpeni kila mmoja malipo madogo ya siku moja na jaribio hili: akae nusu saa na mzee mmoja wa kartie, halafu arudi awaeleze alichosikia. Bila kalamu, bila simu. Atakayerudi na habari za mzee huyo mchukulieni kwa makini. Atakayerudi na mipango yake mwenyewe ya rangi, hata awe bingwa, mshukuruni na mlipeni, aende.

Fedha na karatasi

Tenganisheni malipo ya msanii na gharama za vifaa. Zikichanganywa, bei ya rangi ikipanda ni chakula cha watoto wake kinachopungua, naye atanunua rangi hafifu. Mimi napendelea kulipa kwa awamu: asilimia 30 siku ya kutia sahihi, 30 michoro ya kwanza ikikubaliwa, 30 kazi ikisimikwa, na 10 baada ya mwezi mmoja, kasoro ndogo zikiwa zimerekebishwa. Andikeni kama hesabu ni ya dola au ya faranga, na ni kiwango cha siku gani kitakachotumika. Ugomvi mwingi huanzia hapo. Wekeni pia nauli na chai ya wakaaji wanaokuja vikaoni, na msiwaite watu wa kujitolea huku mtaalamu kutoka mbali analipwa.

Mapatano yaandikwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, yasomwe kwa sauti, kila upande ubaki na nakala. Yataje idadi ya vikao ambavyo msanii atahudhuria, maana hapo ndipo kazi ya pamoja inapokuwa kazi na si maneno. Yataje pia haki. Sheria yetu ya haki za mtunzi ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda msanii: jina lake lisifutwe, na kazi yake isibadilishwe bila yeye kukubali. Kama mnataka kuchapa picha hiyo kwenye kalenda au fulana, ombeni ruhusa ndani ya mapatano, si baadaye. Upande wa pili, masimulizi ni ya waliosimulia, na msanii asiyauze mahali pengine bila kuwarudia.

Kuhusu vitu vya watu nitakuwa mkali. Shangazi yangu aliwapa wageni fulani picha pekee ya harusi yake, waliosema wanaandaa kitabu, na hadi leo anaulizia. Picha inakiliwe palepale nyumbani kwa mwenyewe, juu ya meza, mbele ya macho yake, wala isitoke mlangoni. Kitu ambacho lazima kitoke, iwe kofia ya mgodini, kitambulisho cha kazi au pasi ya makaa, kiandikwe katika daftari pamoja na hali yake, tarehe ya kurudi, na sahihi mbili.

Vikao vyenyewe

Vinne au vitano vinatosha, na cha kwanza kiwe cha kusikiliza tu. Kila mtu aje na kitu kimoja. Mama mmoja wa komini yetu ya Kenya aliwahi kuleta kopo la bati lenye mpini uliounganishwa kwa waya. Alisema ndilo lililopimia unga wa posho kwao, na kwamba mama yake alilipiga chini mara mbili ili unga ushuke na mwingine uongezwe. Akaonyesha jinsi ya kulipiga. Msanii hakuchora kopo siku ile, alichora mkono, na mchoro ule ndio uliobeba onyesho zima.

Katika kikao cha pili au cha tatu msanii alete michoro ya penseli ya makaa, si kazi iliyokamilika, kwa sababu watu wanaona aibu kusahihisha kitu kilichokwisha kupakwa rangi. Hapo mtahitaji kanuni moja mtakayoitangaza tangu mwanzo: ukweli wa tukio ni wa wakaaji, namna ya kuuonyesha ni ya msanii. Watu wawili wakithibitisha kwamba nyumba za kambi hazikuwa na veranda, veranda ifutwe bila mabishano. Mtu akisema bluu ile haimpendezi, asikilizwe, na bluu ibaki. Bila kanuni hiyo, mwenye sauti kubwa atakuwa mchoraji.

Mambo yanayouma

Yatatokea, hata kama swali lenu lilikuwa la posho. Atakuwepo mtu wa kukumbusha mgomo wa Desemba 1941, wafanyakazi walipopigwa risasi uwanjani. Mwingine atataja jimbo la Katanga lililojitenga na nchi kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963. Mwingine, kwa sauti ya chini, atataja mwaka 1992 na 1993, majirani wenye asili ya Kasai walipofukuzwa na kupanda treni na mali waliyoweza kubeba. Wengi zaidi watataka kuzungumza juu ya mwaka 2003, Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipowaondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari.

Msilazimishe toleo moja. Pale ambapo kumbukumbu zinapingana, wekeni sauti mbili bega kwa bega, kila moja na mahali iliposimuliwa, na mwache mtazamaji asome zote. Idadi ya waliokufa mwaka 1941 haisemwi sawa na wote; andikeni hivyo hivyo kwamba haisemwi sawa, badala ya kuchagua hesabu inayopendeza. Mtu aliye hai asitajwe jina kwa shutuma. Msimulizi awe na haki ya kuondoa maneno yake hadi siku ya kuchapa, bila kuulizwa sababu. Na maandishi ya 1992 na 1993 yasomwe kabla na watu wa pande zote, katika vikao tofauti ikibidi. Ikiwa bado hawawezi, acheni sehemu hiyo ya ukuta tupu na muandike mwaka tu. Nimeona watu wakisimama mbele ya nafasi kama hiyo kwa muda mrefu kuliko mbele ya picha yoyote.

Kusimika

Mvua hapa huanza mnamo Novemba na kuendelea hadi Aprili, kwa hiyo kazi ya nje ifanywe wakati wa kiangazi, ingawa vumbi jekundu litaishambulia. Mbao zisikae chini, maana mchwa wa Lubumbashi hawachelewi. Bati lililopakwa rangi ya msingi hudumu zaidi. Msitegemee umeme kwa sauti au taa. Maandishi yawe makubwa kiasi cha kusomwa na mzee aliyesahau miwani, kwa Kiswahili kama kilivyosemwa kwanza, Kifaransa chini yake. Asiyejua kusoma naye aelewe kwa picha na kwa kijana wa zamu anayesimulia, na kijana huyo alipwe.

Kabla ya ufunguzi amueni ni nani atakayeshika ufunguo, onyesho litakaa hadi lini, na ukuta ukimomonyoka nani atamwita msanii. Siku ya kushusha, kaeni na daftari mlangoni, mpigie simu kila aliyeazima kitu, akikague, atie sahihi ya pili, aondoke nacho.