Kopo la rangi lisubiri: jinsi ya kuomba usajili wa UKARA kabla ya kupaka bunduki ya easofti Uingereza

Kila msimu kuna kijana wa kwetu huku Uingereza ananitumia picha: bunduki ya easofti, ule mchezo wa vita vya kuigiza, nusu nyeusi, nusu buluu inayong'aa kama ndoo ya plastiki, na pembeni kopo la rangi nyeusi ya kupuliza. "Kaka, niipake?" Namjibu: bado.

Kuwa nayo nyumbani si kosa. Inarusha gololi za plastiki za milimita 6, na maadamu nguvu yake haizidi jouli 1.3 kwa inayomimina mfululizo, au 2.5 kwa inayopiga moja moja, sheria haiihesabu kuwa silaha ya kweli. Mtego uko kwenye kifungu cha 36 cha sheria ya mwaka 2006 ya kupunguza uhalifu wa kutumia nguvu, inayohusu England, Wales na Scotland. Ni kosa kutengeneza, kuingiza nchini au kuuza bunduki bandia inayofanana na ya kweli, na ni kosa vilevile kuichukua isiyofanana ukaigeuza ifanane. Hapo ndipo kopo lako linapoingia. Buluu ile, au nyekundu, chungwa, njano, kijani, waridi au zambarau ya kung'aa, ndiyo iliyomruhusu mwenye duka akuuzie bila kukuuliza kama wewe ni mchezaji.

Tangu Oktoba 2007 kanuni zinamwachia mlango mchezaji wa mechi zilizoandaliwa rasmi na zenye bima. Maduka humtambua mchezaji huyo kwa orodha ya UKARA, chama cha wauzaji wa easofti. Wengi wanaiita leseni. Si leseni, na haitolewi na polisi. Ni ushahidi wako kwamba wewe ni mchezaji, ukija kuulizwa.

Anza kwa kutafuta kiwanja. Kabla hujalipa, piga simu uulize mambo mawili: mmesajiliwa UKARA? Mna bima ya thadi pati? Kiwanja cha porini kisicho na bima, hata kiwe kizuri namna gani, hakikusaidii kwenye ombi hili. Wakati huu wote tumia bunduki ya kukodi, au hiyo hiyo yako ya buluu. Hakuna atakayekucheka kwa zaidi ya dakika tano.

Kisha cheza mechi zisizopungua tatu, ndani ya muda usiopungua siku 56. Hapa ndipo wengi huteleza, na mimi nimo. Nilicheza mechi tatu ndani ya wiki tano kwa uchu, nikapeleka fomu huku natabasamu, ikarudishwa. Siku 56 ni wiki nane kamili: ukianza Jumapili, hesabu Jumapili nane mbele ndipo mechi ya kukamilisha ihesabike. Kila ukienda hakikisha jina lako limeandikwa kwenye daftari lao, na risiti usiitupe.

Zikitimia, omba fomu pale pale kiwanjani. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti au leseni ya udereva. Sisi wenye majina matatu tunaopenda kuyapanga upya kila tukijaza fomu tuwe makini hapa, kwa sababu duka litalinganisha jina na anwani kabla ya kukuuzia. Uwe umetimiza miaka 18. Kiwanja kikithibitisha mechi zako, jina huingizwa kwenye orodha na unapata namba. Inadumu mwaka mmoja. Ukihama nyumba toa taarifa, na endelea kucheza ili uihuishe.

Sasa fungua kopo. Osha plastiki kwa sabuni, iache ikauke, ziba matundu kwa utepe wa karatasi unaonata, halafu puliza tabaka jembamba jembamba. Ukipuliza nene, mechi ya pili tu mshikio utaanza kuchubuka na buluu itachungulia pale kiganja kinapokaa. Na ukumbuke kwamba siku utakapotaka kuiuza, wewe ndiye muuzaji: mwombe mnunuzi namba yake kwanza.

Namba hiyo hairuhusu kuizungusha mtaani. Kuwa na bunduki bandia hadharani bila sababu ya maana ni kosa, iwe nyeusi au ya waridi. Ifunge kwenye begi, betri nje, buti la gari, moja kwa moja kiwanjani. Hata kujipiga picha nayo bustanini, jirani akiona dirishani anaita polisi, na watakaokuja wana za kweli.

Likizo ukienda nyumbani, iache. Namba ya UKARA haimwambii kitu askari wa uwanja wa ndege Nairobi wala Dar es Salaam. Begi likipita kwenye mashine, anachoona yeye ni bunduki.